Baba hawezi kusafiri tena, tumpeleke Kilwa kwa miwani ya VR?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tandika, nalifupisha. Baba yake ana miaka 74, alipata kiharusi mwaka juzi, upande wa kulia umelegea, muda mwingi yuko kwenye kiti na akitembea ni kwa kushikwa. Kwao ni Kilwa Kivinje na haishi kusema anataka aione bahari ya nyumbani. Mdogo wa huyu dada yuko Ujerumani, anataka awatumie miwani ya VR, ile ya kufunika macho inayokuonyesha picha imekuzunguka kama uko mle ndani, halafu wao waende Kivinje na kamera ya 360, inayorekodi pande zote kwa mpigo, warekodi nyumbani na ufukweni, mzee aje aangalie. Mama hataki kusikia, anasema huko ni kumdanganya mtu mzima na atachanganyikiwa. Dada anauliza: mtu akivaa ile kitu anakuwa amefika au amedanganywa? Na ina madhara?

Dada yangu, nifikishie shikamoo kwa mzee na mama, na poleni sana, kuuguza mtu wa kiharusi sio kazi ndogo. Mi kazi yangu ni hii hii, natengeneza mafunzo ya usalama kazini kwa VR hapa Dar, nimeshawavisha watu wa kila aina hiyo miwani, kwa hiyo ntakujibu kama mtu anayeishi na hii kitu kila siku, na yale ya daktari ntakurudisha kwa daktari.

Kabla ya yote, kutoka Tandika mpaka Kivinje ni kama kilomita 300 na lami ipo. Kama daktari wake anakubali mzee akae kwenye gari masaa hayo, mnapumzika njiani, na gari la ndugu au la kukodi linapatikana, mpelekeni. Hela ya miwani, kamera na nauli zenu za kwenda kurekodi mkizijumlisha zinaweza zikatosha hiyo safari au zikakaribia. Yote ninayoandika huku chini ni kwa hali ya kwamba safari imeshindikana kweli, sio kwamba ni usumbufu tu.

Haya, tuje kwenye kufika na kudanganywa.

Kwenye mafunzo tuna zoezi la ubao. Unavaa miwani unajikuta umesimama kwenye ubao mwembamba uliotokeza nje ya ghorofa refu, magari yako chini madogo madogo. Kuna fundi mmoja wa minara ya simu, mtu ambaye kupanda juu ndo mkate wake, nikamwambia kaka kanyaga pembeni ya ubao, hapo ni tailizi, umeikanyaga ukiingia sasa hivi. Akasema najua. Nikamwambia basi kanyaga. "Najua bana, najua," na mguu hauendi, vidole vimejikunja ndani ya soksi naviona, mkono unapapasa kutafuta ukuta ambao haupo. Yule hakuna mtu aliyemdanganya. Alikuwa anajua yuko ofisini kwetu, angeweza kukutajia mpaka rangi ya mlango, ila mwili wake ulishaamua kivyake.

Hicho ndo kitu cha kwanza cha kuelewa. Kuna mtafiti anaitwa Mel Slater, mwaka 2009 aliitenganisha hii hali mara mbili na mpaka leo wengi tunaofanya hizi kazi tunaufuata mgawanyo wake. Kuna hisia ya kuwa mahali pale, na kuna hisia ya kwamba kinachotokea pale kinatokea kweli. Hizi mbili zinaweza zikaachana. Ya kwanza inaletwa na vitu vya kawaida kabisa, ukigeuza kichwa picha inageuka papo hapo bila kuchelewa, ukiangalia juu unaona juu, ukigeuka nyuma kuna nyuma. Ubongo umezoea miaka yote kwamba kitu kinachofanya hivo ni dunia, kwa hiyo unakubali. Na hii sio teknolojia ya juzi, Ivan Sutherland kule Marekani alitengeneza cha kuvaa kichwani mwaka 1968, kizito mpaka ikabidi kining'inizwe darini. Kilichobadilika ni uzito na bei, na kampuni kubwa kuingia, Facebook waliinunua Oculus, kampuni ya kutengeneza hizi miwani, mwaka 2014 kwa kama dola bilioni 2, na 2021 wakabadilisha mpaka jina la kampuni wakaitwa Meta kwa kuamini kwamba watu tutahamia humo kufanya kazi na kuishi. Hatujahamia, wengi wetu bado tuko na simu zetu.

Sasa usije ukafikiri kwa kuwa picha sio dunia basi na kinachompata mtu humo ni cha uongo. Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle kina watafiti, Hunter Hoffman na David Patterson, ambao tangu miaka ya 1990 wanawavisha VR wagonjwa walioungua moto wakati wa kusafishwa vidonda. Aliyewahi kukaa wodi ya majeraha ya moto anajua ile saa ikoje, hata na dawa za maumivu watu wanalia. Wakamtengenezea mgonjwa bonde la barafu, yeye anarusha matonge ya theluji huku nesi anafanya kazi yake, na maumivu yakapungua kwa kiasi kikubwa, na baadae walipopima kwa mashine ubongo wa watu wazima waliojitolea wakaona sehemu zinazoshughulika na maumivu zimetulia kweli. Barafu haikuwepo, ila nafuu ilikuwepo.

Kwa hiyo mzee akivaa ile miwani akaiona mikoko ya Kivinje na jahazi limelala kwenye tope maji yakiwa yamekupwa, akatokwa machozi, yale machozi sio ya uongo na wala hajafanywa mjinga. Atakuwa amehisi Kilwa na yuko Tandika, na anajua yuko Tandika. Uongo hauko kwenye miwani, uko kwenye mtakachomwambia. Mkimwambia "baba leo tunakupeleka Kilwa" hapo mmemdanganya na mama ana haki ya kukasirika. Mkimwambia baba tulienda Kivinje tukarekodi, na kuna namna ya kuziangalia hizi picha ukawa kama uko katikati yake, unataka? Hapo amechagua mwenyewe. Na akisema hataki ndo imeisha, msimbembeleze.

Ila kuna kitu VR haiwezi kumpa, na hapa ndo nataka unisikilize kwa makini manake familia nyingi hazikioni mpaka siku yenyewe. Ile Kilwa haitamuona yeye.

Fikiria mmerekodi watoto wa shangazi yenu barazani. Wanaangalia kamera wanasema shikamoo babu. Mzee wako, mtu wa pwani, miaka sabini na nne amepokea hiyo salamu, ataitikia tu. Marahaba, hamjambo, mama yenu hajambo... na wakati yeye bado yuko kwenye "hamjambo" mtoto kwenye vidio ameshageuka anacheka na mwenzie. Hapo ile hisia ya pili ya Slater inakatika kama waya. Mahali bado anapahisi ila watu wamegeuka kuwa picha, tena picha zisizo na adabu. Hiki kitu nimekishuhudia kwa mgeni wetu mmoja mtu mzima tu mwenye akili zake, alimuitikia mtu wa kwenye vidio halafu akanyamaza, akavua miwani mwenyewe.

Sasa kwa mzee wako inatibika kidogo. Mnaporekodi, anayesalimia aseme shikamoo baba, au shikamoo babu, kisha akae anaangalia kamera kwa utulivu, sekunde nne tano, asiangalie pembeni, halafu ndo aendelee na habari za huko. Na kwa kuwa kiharusi chake kimepiga kulia, mara nyingi hapo na maneno huwa yanatoka kwa shida, kama na kwake ni hivo basi acheni nafasi ndefu zaidi, hata sekunde kumi, kwenye kurekodi mtaona ni ndefu mno lakini kwake itakuwa sawa. Msimuulize maswali kwenye vidio, mtu anayeuliza halafu hasikii jibu anaumiza. Wamweleze mambo: mnazi ule wa nyuma umeanguka, nyumba ya fulani imeezekwa bati, nani kaoa, nani kafariki.

Na mkimaliza kumuonyesha, saa hiyo hiyo mpigieni shangazi simu. Usidharau hili. Sauti ya shangazi kwenye simu ni ya kukwaruza na haina picha ya kuzunguka, lakini aliyemuitikia baba ni shangazi mwenyewe, na Kivinje patakuwa na mtu anayejua kwamba leo kaka kanikumbuka. Miwani itampa mahali, simu itampa watu.

Ndo maana kwa maoni yangu zawadi kubwa ya huyo mdogo wako sio hata vidio ya Kilwa. Akinunua miwani mbili, moja abaki nayo yeye Ujerumani, wanaweza wakakutana humo ndani, wakakaa chumba kimoja cha kompyuta wanaongea. Watakuwa na maumbo ya katuni katuni na mwanzoni wote wawili watajisikia ajabu, ila pale pana mtu kweli upande wa pili, baba akiguna mtoto anasikia, mtoto akisogea anamuona amesogea. Hizi dunia za kukutana zipo tangu zamani, Second Life ilianza 2003 hata bila miwani, na watu wameshapata humo marafiki, wachumba, na pia wameshatukanwa na kuumizwa humo wakaumia kweli, kwa sababu hiyo hiyo, kwamba kuna binadamu kule. Mtu akikuuliza VR inabadilisha nini kwenye maisha ya binadamu, mi naangalia kwanza kama kuna anayekujibu. Akikosekana ni picha nzuri sana, akiwepo ni maongezi.

Wasiwasi wa mama wa kuchanganyikiwa siutupi, una msingi. Mwaka 2009 kuna utafiti wa Segovia na Bailenson ulichapishwa, watoto walionyeshwa kwenye VR wakiogelea na nyangumi, na baadhi ya wale wa umri wa shule ya msingi baadae wakaamini kwamba waliogelea na nyangumi kweli. Mimi na wewe kumbukumbu ikija inakuja na alama yake, hii niliota, hii niliona kwenye TV, hii niliifanya. Kwa mtoto hiyo alama bado haijashika vizuri, na kwa mzee ambaye kiharusi kimegusa kumbukumbu inaweza ikawa imelegea. Kwa hiyo jiulizeni kwa ukweli, baba saa za jioni huwa anauliza tuko wapi hapa? Anawahi kudai ameongea na mtu ambaye alishafariki? Anakuita wewe kwa jina la dada yake? Kama ni ndiyo, basi achaneni na miwani, muwekeeni hiyo hiyo vidio kwenye TV sebuleni mkae nae mnaangalia wote, atafurahi na hatapotea. Kama akili yake iko timamu na tatizo ni viungo tu, mama apunguze hofu.

Umeandika pia kwamba mdogo wako amesema AI, yaani akili bandia ya kompyuta, inaweza "kumrudisha" bibi kutoka kwenye picha zake za zamani, amkaribishe baba mlangoni. Hapana dada. Nakuomba kabisa. Korea Kusini mwaka 2020 televisheni ya MBC ilimkutanisha mama na umbo la binti yake aliyefariki, kwa VR, akiwa anaongea nae na anajaribu kumshika, na wapo waliosema imempa faraja. Siwezi kumsemea yule mama. Ila hapa mnataka kumtengenezea bibi maneno ambayo hakuyasema, myaweke mdomoni mwake, mumuonyeshe mwanae ambaye hana namna ya kuinuka kuondoka. Kama mzee anataka kaburi la mama yake, rekodini kaburi lilivyo, limefagiliwa, kimya, aombe dua yake. Masuala ya dini kwenye hilo kamuulizeni shehe wenu.

Sasa madhara ya mwili, na hapa kuna mambo ya kufanya.

Kizunguzungu na kichefuchefu ndo malalamiko makubwa. Chanzo chake ni macho kuona mwendo wakati sikio la ndani, ambalo ndo linashika balansi, halijasikia mwendo wowote. Ni kichefuchefu kile kile cha boti ya Zanzibar ila kinyume chake, ukiwa umejifungia ndani ya boti mwili unasikia mawimbi macho yanaona viti vimetulia, kwenye miwani macho yanaona mwendo mwili umetulia, tumbo linachafuka vile vile. Kwa hiyo kamera isitembee hata hatua moja. Msitembee nayo ufukweni, msiipande nayo bodaboda, msiishike mkononi. Iwe kwenye stendi, imesimama, mnarekodi dakika mbili tatu, mnahamisha sehemu nyingine mnarekodi tena.

Urefu wa stendi uwe usawa wa macho ya mtu aliyekaa, kama mita moja na sentimita kumi au ishirini hivi, kwa sababu yeye ataangalia akiwa amekaa. Mkiweka urefu wa mtu aliyesimama atajisikia anaelea. Na kiti chake kiwe na egemeo na mikono, sio cha kuzunguka, manake kamera ya 360 imerekodi kutoka sehemu moja tu, akigeuza kichwa kila kitu kiko sawa lakini akiinama mbele dunia nzima inasogea nae, na hapo ndo mtu anaweza akadondoka.

Watu wakae karibu, mita moja na nusu mpaka mbili, wasikae mbali. Kamera inayoandikwa 5.7K maana yake pikseli, zile nukta zinazounda picha, kama 5,760 zimetandazwa duara zima, na kwa wakati mmoja mzee anaona robo yake au zaidi kidogo, kwa hiyo mtu aliyesimama mita sita uso wake utakuwa ukungu na mzee atahangaika yule nani. Ila pia wasisogee chini ya mita moja, pale vidio za lenzi mbili za kamera zinapoungana uso unakatika vipande. Upepo wa bahari unaua sauti, wekeni simu nyingine irekodi sauti karibu na anayeongea, ifunikeni na kitambaa. Na muulizeni mzee mwenyewe kabla ya kwenda, anataka bahari maji yamejaa au yamekupwa, anataka kukaa wapi, chini ya mti gani. Atawaelekeza. Hiyo nusu saa ya kuelekeza huenda ikawa tamu kuliko miwani yenyewe. Majirani watakaoonekana waombeni ruhusa pia.

Cha muhimu zaidi, macho. Kiharusi kinacholegeza mkono na mguu wa kulia wakati mwingine kinachukua na upande wa kulia wa kuona kwa macho yote mawili, na mgonjwa mwenyewe anaweza asijue, anaona tu kwamba anagonga vitu. Kama ni hivo na mkamuweka shangazi upande wa kulia, kwa baba shangazi hayupo. Muulizeni daktari kuhusu hilo, muulizeni na degedege, kwa sababu baadhi ya waliopata kiharusi hupata degedege baadae na watengenezaji wenyewe wa hizi miwani wanaonya kuhusu degedege. Na presha yake iko vipi, mzee atapata hisia kali.

Mara ya kwanza dakika tano, basi, hata akisema endeleeni. Miwani kama Quest 3 ina uzito wa gramu zaidi ya 500, yote iko mbele ya uso, na shingo yake sio ya zamani. Mtu mmoja akae upande wake wa kushoto amshike mkono muda wote na aongee nae, sio kukaa kimya, sauti ya mtu anayemjua ndo inamkumbusha yuko nyumbani. Picha irusheni kwenye simu au TV ili na nyie mjue anaangalia nini. Akiwa na jasho la ghafla, akinyamaza, akimeza mate meza mate, vueni. Wajukuu watagombania hiyo miwani, Meta wenyewe wameweka umri wa kuanzia miaka 10 kwa akaunti ya mzazi, mi ningesema wadogo zaidi wasubiri. Na msiuziwe maneno kwamba VR inaponesha kiharusi. Tafiti zinaonyesha kuwa ikiongezwa juu ya mazoezi inaweza kusaidia, haichukui nafasi ya mazoezi, kwa hiyo fizio, yule wa mazoezi ya viungo, aendelee kuja.

Bei msiende juu. Quest 3S ilipotoka 2024 ilikuwa dola 299 na inawatosha kabisa. Ile Apple Vision Pro ya dola 3,499 mwambieni mdogo wako aiache, tofauti hiyo inalipa fizio muda mrefu.

Miwani ikifika, wa kwanza kuvaa awe mama, kabla ya mzee. Avae, aione Kivinje yenu, avue, akae, muulize ameonaje na umsikilize mpaka mwisho. Akisema bado hapana, basi ni hapana, yeye ndo anamuogesha na kumlaza kila siku na anazijua siku zake mbaya kuliko mimi na mdogo wako. Akikubali, mtafute daktari, na akishakwambia kuhusu macho niandikie, ntakuelekeza kamera muigeuzie wapi.